Komeo la Chumba cha Gundi

Baba Mkubwa alinipa kazi ya kuandika historia ya kampuni kwa sababu nilikuwa nimetoka chuoni na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nina adabu. Nadhani alimaanisha kwamba siulizi maswali mengi.

"Kurasa chache tu, mama," aliniambia. "Babu yako alianzaje, tumefika wapi. Itakaa mwanzoni mwa kitabu kipya cha nyimbo. Mtu akinunua kitu anapenda kujua kimetoka kwa nani."

Kampuni yetu ni jengo moja refu lenye ukuta katikati. Babu alianzia upande wa kushoto, akitengeneza magitaa. Wateja walipozidi kumuuliza watapata wapi nyimbo za kujifunzia, akanunua mashine kuukuu ya kuchapa na kuiweka upande wa kulia. Tangu hapo kukawa na watu wa Mbao na watu wa Wino, na utani wao haujaisha hadi leo.

"Mtu wa Mbao akipiga chafya anatoa kiti kizima," wanasema wa Wino.

"Afadhali sisi. Nyie mkilia mnachafua mto."

Shangazi yangu, dada yake Baba Mkubwa, ni mtu wa Wino. Kazi yake ilikuwa kulisha karatasi kwenye mashine. Aliolewa na mtu wa upande wa pili wa ukuta, fundi ambaye kila mtu alimwita Gundi kwa sababu hakuna aliyeunganisha mgongo wa gitaa na mbavu zake kama yeye. Walipooana, watu wa Mbao walimwambia Shangazi amenaswa, hatabanduka tena. Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka kuhusu Gundi ni vidole vyake, vilivyokuwa na ngozi ngumu inayong'aa kama kucha.

Alikufa kwa moto ndani ya chumba cha gundi. Nilikua nikisikia kwamba alikuwa akivuta sigara, akapitiwa na usingizi, moto ukashika maranda. Hakuna aliyelisema kwa ubaya. Lilisemwa kama mtu anavyosema fulani alikuwa mfupi. Lakini katika korido kuna picha za mafundi wote waliofia kazini au waliostaafu, na yake haikuwapo. Babu alikuwa hai bado, na alisema hawezi kumtundika mtu aliyetaka kuteketeza riziki ya wenzake.

Shangazi alipata habari kwamba ninaandika. Alinifuata jikoni pa karakana nikiwa naosha kikombe.

"Umefika wapi?"

"Bado niko kwa Babu, Shangazi. Anatafuta mbao."

"Babu yako hana shida, ana picha kubwa kama mlango." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mwanangu, mume wangu alikuwa anavuta, sikatai. Lakini alikuwa anavutia uani, na akitoka huko ananawa mikono kabla hajagusa ubao. Kwenye chumba cha gundi? Kulala? Gundi ikiwa jikoni haimpi mtu nafasi ya kulala. Nimelisema hili tangu siku ya mazishi, naambiwa ni majonzi. Wewe umesoma. Ukiandika wewe, watanyamaza."

"Nitaandika nini, Shangazi, kama sijui kilichotokea?"

"Ndiyo ujue," alisema, akakichukua kikombe mkononi mwangu na kukiosha upya.

Chumba cha gundi hakitumiki siku hizi. Gundi ya chupa haihitaji chumba. Ndani mna magitaa yaliyovunjika shingo, na darini bado kuna weusi ambao rangi mbili hazikuuficha. Niliingia, nikaufunga mlango, nikatafuta komeo la kuubania. Kwa ndani hapakuwa na kitu, hata alama. Nilipotoka ndipo nikaona kwenye mwimo, upande wa korido, mashimo ya skrubu yaliyozibwa kwa unga wa mbao na gundi. Yamezibwa vizuri sana. Mtu aliyeyaziba alikuwa fundi.

Nilimkuta Baba Mkubwa akipiga msasa uso wa gitaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekwama wapi?"

"Kwenye chumba cha gundi komeo lilikuwa nje?"

Aliendelea kusugua kidogo, kisha akauweka msasa chini.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mashimo."

Nilifikiri ataniondoa kazini. Alipoanza kusema, alisema taratibu kama anamfundisha mwanafunzi mpya.

"Gundi ya ngozi inachemshwa jikoni, na haimsubiri mtu. Upepo ukiingia inaganda kabla ubao haujakaa. Na hapa watu hawakuwa na subira, kila dakika mlango unafunguliwa: 'Gundi, umeona nyundo yangu? Gundi, unajua nani kaoa?' Babu yako akachoka, akaweka komeo nje. Fundi akiingia, mtu anamfungia kwa nje. Akimaliza kubana anagonga kwa nyundo ya mti, anafunguliwa. Na asubuhi ya gundi mashine ya kuchapa haiwashwi, ili asikike. Ndiyo ilikuwa taratibu yetu. Hakuna aliyeiona mbaya."

"Na siku ile?"

"Siku ile shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na vitabu vya nyimbo havijaisha. Nikasema iwashwe."

"Nani alimfungia?"

"Unajua nani." Alinitazama. "Kazi ya komeo ilikuwa yake. Alimfungia mumewe, wakacheka cheka hapo mlangoni kama kawaida yao, akaja kulisha karatasi. Jiko la mafuta lililipuka. Sisi tuliona moshi kwenye kidirisha chake cha nondo, hatukusikia kitu. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilifungua komeo kwa mkono huu. Wenzangu walipofika walikuta mlango wazi. Dada yangu walimshikilia uani, anapiga kelele, 'Kaka, nilimfungia, nilimfungia!' Nikamwambia hapana. Mtu alishamfungulia mapema. Mlango ulikuwa wazi."

"Halafu watu wakauliza mbona hakutoka."

"Wakauliza. Nikajibu kilichonijia." Alifuta vumbi kwenye ule ubao ingawa haukuwa na vumbi tena. "Marehemu hasikii, mama. Aliye hai anasikia. Ungefanya nini wewe?"

Nilirudi mezani kwangu. 

Sehemu nyingine za historia niliziandika kwa urahisi. Hiyo moja niliiandika na kuifuta hata karatasi ikachanika. Nilijaribu kusema tu kwamba fundi wa gundi alifariki kwa ajali, lakini hayo ndiyo maneno ambayo watu wangeyajazia sigara wenyewe. Mwishowe niliandika hivi: moto ulitoka kwenye jiko; fundi hakuwa amelala wala hakuwa akivuta; mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje kama ilivyokuwa taratibu ya kampuni; na mashine ya kuchapa ilikuwa inafanya kazi, kinyume cha taratibu hiyohiyo. Nilipanga maneno ili komeo lisiwe na mkono wa mtu.

Sikumpelekea Baba Mkubwa kwanza. Nilimpelekea Shangazi nyumbani kwake. Alivaa miwani, akasoma akifuata mstari kwa kidole. Aliposoma kwamba mumewe hakuvuta, alisema, "Enhe!" kwa nguvu, akanipiga paja. Kidole kikaendelea. Kikasimama.

"Komeo," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Lilikuwa limefungwa."

"Ndiyo."

Nilitaka kumshika mkono lakini niliogopa. Alivua miwani na kuikunja vizuri, mkono mmoja kisha wa pili.

"Kwa hiyo aligonga."

Niliichukua karatasi mapajani mwake.

"Mimi nilikuwa naimba," alisema. "Mashine ikiwaka ndiyo nilikuwa naimba, maana hakuna anayenisikia. Sauti yangu mbaya. Yeye anagonga, mimi naimba."

Kesho yake alikuja kazini kama kawaida, akavaa aproni, kisha akapita ukuta na kuingia upande wa Mbao. Nilimfuata nyuma. Baba Mkubwa alipotuona pamoja alijua.

"Ulimwonyesha," aliniambia.

"Usimguse mtoto," Shangazi alisema. "Zungumza na mimi."

"Dada, nilikubebea mzigo. Miaka yote hii nimekubebea."

"Ulinibebea mimi, ukamtwika yeye. Ukamtwika na usingizi juu yake. Baba yetu amekufa akimwita mchomaji."

"Ungejiua! Nilikuona pale uani, ungejiua!"

"Pengine. Na mashine aliiwasha nani, Kaka?"

Mafundi wote walikuwa wameacha kazi. Mmoja alikuwa ameshika patasi hewani. 

"Ulikuwa unajibebea na wewe," Shangazi alisema, sasa kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. Alinigeukia. "Ongeza jina la aliyefunga. Hapo umelificha."

"Shangazi, si lazima. Ilikuwa taratibu."

"Taratibu haina vidole. Andika mke wake alimfungia."

"Basi andika na nani aliwasha," alisema Baba Mkubwa, akaketi kwenye benchi lake, mtu mzima, mikono katikati ya magoti.

Niliandika yote mawili. Kitabu kilitoka. Wanunuzi wengi waliziruka zile kurasa wakaenda moja kwa moja kwenye nyimbo. Waliozisoma hawakujua watutazame vipi. Mtu wa Mbao mmoja aliitundika picha ya Gundi kwenye korido, bila kuagizwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyetania karibu nayo. Baba Mkubwa anakuja mapema na kuondoka mapema. Yeye na dada yake hawajasemezana tena.

Shangazi hajarudi kazini. Nimehamia kwake, nampikia, namkumbusha kuoga. Mchana anakaa vizuri, hata anacheka jirani akisema jambo. Halafu katikati ya kazi, anachambua mboga au anakunja nguo, ananiuliza kitu kilekile.

"Mtu akiwa ndani ya moshi, anagonga muda mrefu?"

"Hapana, Shangazi," namwambia. "Moshi unamwahi. Anagonga mara moja, basi."

"Umelisoma hilo chuoni?"

"Nimelisoma."

Sijalisoma popote. Ananitazama usoni kwa muda, kisha anarudi kwenye mboga.