Mswala Uliokunjwa

Mie sina kifua kikuu. Nilisema tangu mwanzo, wakaniona mbishi. Kikombe changu kikatengwa, sahani ikatengwa, na mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, akamchukua mwanangu Hija akawa analala kwake. Mume wangu Mwinshehe akanyamaza, ndiyo kazi anayoiweza.

Damu nilikuwa nakohoa, sikatai. Lakini ilikuja na hedhi na kuondoka na hedhi. Mimba nzima ya Hija sikukohoa hata tone.

Siku ya hospitali tuliingia sote chumbani, Hija mgongoni kwa bibi yake. Daktari Mzungu hakujua Kiswahili. Mkalimani alikuwa Kornelio, kijana wa bara mwenye tai. Nikamwambia, "Mwambie damu hii huja nikiwa hedhini tu."

Kornelio akainamisha macho, akasema neno fupi.

"Umemwambia hedhi?"

"Nimemwambia huja mara kwa mara. Hayo mengine, bibi, hayasemeki mbele ya watu."

Daktari akaandika. Kornelio akanieleza: nipelekwe bara, kwenye hospitali ya wenye kifua, mwaka mzima. Mtoto haruhusiwi.

Mwaka mzima niachane na mwanangu, eti kwa sababu mwanamume mzima kaona haya. Nikamgeukia mama mkwe. Yeye na mie tunaswali chumba kimoja, na mwenye hedhi haswali.

"Mama, nikikohoa damu, mswala wangu unakuwaje?"

"Mwanangu Tabu, kuna wanaume hapa."

"Mficha uchi hazai, mama. Unakuwaje?"

Akatazama sakafu. "Unakuwa umekunjwa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Nikamwambia Kornelio, "Haya, lifasiri hilo. Na hedhi uitaje."

Akaitaja, jasho linamtoka. Daktari akaweka kalamu chini, akaanza kuniuliza maswali. Kumbe makohozi yangu yalikwisha kupimwa na hawakuona kifua kikuu ndani yake, ila daktari hakujua kingine cha kumfanya mtu ateme damu. Ugonjwa wenyewe akasema haujui. Safari akaifuta.

Nje, Bi Mwanakombo akanishika mkono. "Nilijua tangu Ramadhani, mwanangu. Ningeanzia wapi kusema?"

"Kwa hiyo ungeniacha niende."

Nikaifungua mwenyewe kanga mgongoni mwake, nikamchukua mwanangu.