Maharagwe ya Usingizi

Maman Mukankusi alikuwa amepika utafiti. Patricie alisimama mlangoni kwa jirani yake huyo asubuhi hiyo akitazama kopo tupu. Bei ya maharagwe ilikuwa imepanda tena sokoni, na wajukuu wa Maman wana njaa. Mtu afanye nini?

"Unisamehe, mwanangu," Maman Mukankusi akasema. "Yalikuwa yananiangalia tu."

Patricie akacheka. Afadhali ulikuwa usiku wa mwisho, na hesabu za siku zote zilizotangulia zilikuwa daftarini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyelelewa Bukavu akarudi Rusizi baada ya vita, na kila jioni alivuka daraja kwenda kusoma huko huko. Mémoire yake ya kumaliza chuo iliuliza jambo moja: je, mawimbi ya mtandao yanakata usingizi wa watu? Tangu kampuni ya simu isimamishe antena juu ya nyumba zao, mwaka mzima sasa, kilima kizima kilikuwa hakilali. Kampuni ikasema ni mawazo yao tu.

Basi nyumba kumi zikapewa modemu ya kuweka kando ya kitanda, wiki mbili. Wiki moja ilirusha mawimbi kweli, nyingine iliwaka taa tu, na ni fundi Bashige peke yake aliyejua ipi ni ipi. Ukishtuka usingizini, unatia haragwe moja koponi. Asubuhi Patricie anapita kuhesabu.

Saa nne watu wakajaa ofisi ya kijiji kusikia majibu, chini tu ya antena. Injinia Gasana wa kampuni alikuja na karatasi tayari: malalamiko hayana msingi. Bashige akafichua wiki ipi ni ipi, na Patricie akasoma ukweli wake: wiki ya mawimbi na wiki ya taa tupu, maharagwe yalikuwa sawasawa. Gasana kwa furaha akampa kalamu atie sahihi karatasi ile. Katibu wa kijiji akamnong'oneza kwamba mwalimu anayependa kazi yake hutia sahihi upesi.

Patricie akaiweka kalamu chini, akafungua ukurasa wa pili wa ripoti yake.

"Mawimbi hayana kosa, Papa Injinia. Ila kila usiku umeme ukikatika na jenereta yenu ya antena ikaanza, maharagwe yanakuwa mara tatu."

Gasana akatabasamu. Kelele ile ni ndogo, akasema, mtu huizoea. Alikuwa bado anaeleza umeme ulipokatika, kama kawaida ya Rusizi. Jenereta ikawaka yenyewe nyuma ya ukuta. Madirisha yakatetemeka. Midomo ya Gasana ikaendelea kwenda, hakuna aliyesikia neno. Akajaribu mara ya pili, mara ya tatu, kisha akamgeukia dereva wake akapiga ukelele.

"Enda uzime hiyo mashine! Hatusikilizane hapa!"

Dereva akakimbia. Kukawa kimya. Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu ofisi nzima, na Patricie akacheka hadi machozi, kwa raha tupu.

Maman Mukankusi akanyanyuka.

"Siye tumemaliza mwaka muzima, Papa. Hatukukuwa na dereva wa kutuma."

Katibu, naye akicheka, akauvuta ukurasa wa pili, akaandika: jenereta ihamishwe ndani ya siku saba. Gasana akawa wa kwanza kutia sahihi.