Maua ya Mama Mkwe kwenye Mapanga ya Upepo

Mama mkwe wangu alichora mabango kwa miaka thelathini, na kwa miaka saba ya ndoa yangu hakuwahi kunitambulisha kwa mgeni yeyote kama seremala. "Huyu ni mke wa mwanangu," alikuwa akisema. "Ana vimbao vyake huko uani." Vimbao! Mlango wa chumba chake nimeutengeneza mimi, kitanda anacholalia nimekitengeneza mimi.

Basi fikiria hali yangu Jumatano ile nilipotoka asubuhi kununua nati, nikarudi jioni na kukuta ameyapaka rangi mapanga yangu matatu.

Yalikuwa mapanga ya mtambo wa upepo, wa kuzalisha umeme wa friji ya chanjo pale zahanati. Nilikaa nayo wiki tano. Panga la upepo halichongwi kama ubao wa rafu. Karibu na kitovu, pale linapofungwa, linasimama, likielekea nchani linalala kidogo kidogo, kwa sababu ncha ndiyo inayokimbia zaidi. Ukingo wake wa mbele ni wa mviringo na laini kama shavu la mtoto; wa nyuma unachongwa mpaka unakaribia kukata kidole. Nilipiga randa, nikapima, nikapiga msasa, nikapima tena. Mume wangu, ambaye ni mwoka mikate, alilalamika kwamba yeye sijawahi kumpapasa kwa uangalifu ule.

Jumanne nilikuwa nimeyajaribu kwenye mlingoti wa uani. Kwa upepo wa kawaida, mita ilisoma wati mia tatu na kumi. Muuguzi mkuu wa zahanati alitaka zisipungue mia mbili na hamsini. Angekuja Ijumaa asubuhi kuona kwa macho yake, na zisipofika, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Sasa mapanga yalikuwa mekundu, na kila moja lina maua ya manjano. Rangi ya mabango, ile inayokauka haraka, tena kaipiga mara tatu. Michirizi ilikuwa imeteremka na kukaukia pembeni.

"Nimeona yatapanda juu, watu wote watayatazama," mama mkwe alisema, brashi bado mkononi. "Nikasema haiwezekani yakae hivi hivi, kama mti wa kuanikia nguo. Sijashika brashi tangu nistaafu, unajua?"

Macho yake yaling'aa. Nilitaka kupiga kelele, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Miaka saba, na hii ndiyo mara ya kwanza amegusa kazi yangu kwa hiari yake. Nikasema, "Ahsante, mama. Yamependeza."

Alhamisi mchana niliyafunga mlingotini. Upepo ulikuwa uleule, lakini mtambo ulitikisika mpaka nati zikalia. Wati mia na themanini. Sikushangaa. Upepo uliokuwa ukiteleza kwenye ukingo wa mbele sasa ulijikwaa kwenye matone ya rangi, ukingo wa nyuma ulikuwa umenenepa, na panga lenye maua mengi lilikuwa zito kuliko wenzake.

"Mwambie," mume wangu alisema.

"Ni mama yako. Mwambie wewe."

"Mimi simo kabisa. Nina unga unaumuka." Akatokomea, mwanaume mzima.

Niliyashusha mapanga. Mama mkwe alikuwa amejilaza baada ya chakula, nikachukua msasa, nikauweka juu ya ua la kwanza. Mkono ukakataa. Nikajiona nimekaa pale kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

"Unalifanya nini ua langu?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Sikuwa na uongo wowote tayari, nikamshika kidole na kukipitisha kwenye ukingo wa mbele.

"Hapa upepo unajikwaa, mama."

"Jana ulipata wati ngapi?"

"Juzi, kabla ya rangi. Mia tatu na kumi."

"Na leo?"

"Mia na themanini."

Alipiga hesabu, midomo ikicheza. "Kwa hiyo maua yangu yamekula wati mia na thelathini?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mtu angeligusa bango langu hivi, mtaa wote ungenisikia. Mbona hukunifokea?"

"Niliogopa," nikasema. "Hujawahi kunipa kitu cha kazi yangu. Sikutaka kukirudisha."

Alitafuta miwani yake, akaivaa, akakunja mikono ya gauni. "Lete msasa mwingine, ule unaokwaruza. Seremala gani huyu anaogopa rangi?"

Seremala. Nililisikia vizuri sana, lakini nikajifanya natafuta msasa.

Tulikwaruza mpaka jua likazama. Kila mara alisimama na kupitisha kiganja toka kitovuni hadi nchani, polepole. "Panga linavyolala hivi kuelekea nchani, ulifanyaje?" akauliza. Nikamweleza. Akarudia tena kulipapasa, akatikisa kichwa, akaendelea kukwaruza. Mwishoni nilipaka vanishi nyepesi mara moja tu, nikayapima uzito mpaka yakalingana.

"Na huko juu, sehemu gani haihangaiki na mambo ya wati?" akauliza.

"Mkia. Kazi yake ni kuugeuza mtambo uutazame upepo, basi."

"Nipe huo mkia."

Ijumaa muuguzi alisimama uani, akaitazama mita muda mrefu, akaandika: mia tatu na tano. Kisha akainua macho juu na kuanza kucheka. Mkiani kulikuwa na maua ya manjano yote yaliyofukuzwa kwenye mapanga, na katikati, kwa herufi zinazosomeka toka barabarani: SEREMALA NI BINTI YANGU. Chini yake, namba yangu ya simu.

Mume wangu alitoka jikoni na unga hadi kwenye viwiko, akasoma.

"Mama! Na mimi je?"

"Wewe ni mkwe hapa," mama akamjibu. "Lete mikate, mwanangu ana mgeni."