Mnywaji wa Tatu

"Siku sita!" mume wangu alifoka, ameinua kikombe juu kama askari aliyekamata ushahidi. "Siku sita nanyweshwa chai ya mkojo ndani ya nyumba yangu mwenyewe!"

"Si mkojo, Baba," binti yetu alisema. "Ulikuwa mkojo."

Alidhani anamtuliza. Mimi nilizima jiko nikavuta kiti, maana niliona hapa hapatapikwa kitu kwa muda.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na ushee asubuhi. Mume wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Alikuwa ameingia kunywa chai akakuta kompyuta ya binti yake iko wazi mezani, na kwenye skrini kuna jedwali. Mnywaji wa kwanza: bibi, miaka sabini na tatu. Mnywaji wa pili: mama. Mnywaji wa tatu: baba, miaka hamsini na mbili, lita mbili na nusu kwa siku, hana malalamiko. Hapo penye "hana malalamiko" ndipo alipowaka.

Binti yetu anasoma kemia, mwaka wa mwisho. Kuna nyumba inajengwa, imezibwa kila upande, ambamo watu sita watakaa miezi sita kama vile wako kwenye sayari ya Mirihi: hakuna kutoka, hakuna kufungua dirisha, na maji ni yale yale yanayozunguka. Yeye anataka awe mmoja wa hao sita. Waombaji ni mia nne. Kila mmoja ametakiwa aunde mtambo wa kusafisha maji yaliyotumika, kisha watu wanne wa nyumba moja, yeye akiwemo, wayanywe siku sita. Fomu ilikuwa inafungwa siku hiyohiyo, saa sita mchana.

Mtambo wake uko stoo, pembeni ya jiko. Pipa la bluu linapokea maji ya vyombo, maji ya kuoga, na ndiyo, mkojo. Yanachemshwa kwenye chombo kilichozibwa, mvuke unapita kwenye bomba la shaba lililojikunja, unapoa kuwa maji, yanadondoka kwenye mkaa, halafu yanamulikwa na taa ya kuua vijidudu. Mimi ni fundi wa maabara katika kituo cha kusafisha maji. Kila asubuhi nilibeba chupa ya yale maji kazini nikayapima, na kila siku yalikuwa safi. Bila hivyo nisingeruhusu hata paka ayaonje.

"Kumbe na wewe ulijua!" mume wangu alinigeukia.

"Nilijua. Nikajua na wewe unajua. Kila asubuhi nakuona unakunywa na kuomba kikombe cha pili. Nikasema, mume wangu huyu siku hizi kaelimika."

"Nani aliniambia? Nani?"

Wote watatu tulimtazama Bibi, aliyekaa pembeni na redio yake.

Nyumbani kwetu kuna utaratibu wa miaka mingi. Habari ngumu hazipelekwi kwa Baba moja kwa moja, zinapitia kwa mama yake, kwa sababu kwake hathubutu kupandisha sauti. Gari la jirani lilipobomoa lango letu, Bibi ndiye aliyempa habari. Binti alipoacha uhasibu akahamia kemia, ni Bibi. Utaratibu huo haujawahi kutuangusha.

"Msinitolee macho," mama mkwe alisema, akipunguza sauti ya redio. "Nilimwambia. Jumatatu asubuhi nilijikokota mpaka karakana nikamweleza yote, pipa, mvuke, mkojo, sikubakiza. Akatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo."

"Mama, wakati huo nilikuwa nafanya nini?"

"Unapasua mbao na lile limashine lako."

"Na masikioni nilivaa nini?"

Bibi alifikiri. "Yale mabakuli mekundu."

"Yale ni ya kuzuia kelele, Mama!"

"Mimi si kelele. Mimi ni mama yako."

Nilijitahidi nisicheke. Nilishindwa. "Sasa ulikuwa unakubali nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Kula! Kila akija pale huja kuniita kula!"

Binti naye akaangua kicheko, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu baba yake akahamia Mirihi yenyewe. "Na huko mnakimbilia nini? Hakuna mti hata mmoja. Mtu akitaka kiti?"

"Tutachapa viti vya plastiki kwa mashine, Baba."

"Viti vya kuchapa!" Nadhani hilo lilimuuma kuliko mkojo. "Hapa duniani hatujamaliza kutengeneza, mnakwenda kuanza kwingine!"

"Redio yenyewe haieleweki," Bibi aliingilia. "Jumanne mtaalamu kasema miaka ishirini mji utakuwa umesimama. Alhamisi mwingine kasema ile mionzi ya huko itakumaliza hata begi hujafungua. Wakubaliane kwanza. Mimi nitangoja."

Mimi niko upande wa yule wa Alhamisi. Sioni mtu akizaa na kulea kule katika maisha yangu. Lakini nyumba inayosafisha maji yake yenyewe naitaka hata kesho, na naitaka hapahapa. Nikasema hivyo. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu binti alikuwa amekwisha kurudi kwenye kompyuta na uso umembadilika.

"Kuna swali hapa," alisema. "Je, kila mnywaji alielezwa na kukubali kabla ya siku ya kwanza?" Akatutazama. "Niandike ndiyo?"

Binti alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya mtambo ule, ameungua vidole viwili, na bila baba yake wanywaji wanabaki watatu. Midomo ilianza kumtetemeka. Mume wangu akaona. Mtu huyu ana kelele nyingi lakini machozi ya mtoto wake hayawezi.

"Leta kalamu," alisema. "Nasaini. Weka tarehe ya Jumatatu."

"Hapana," nikasema.

"Nimekubali mwenyewe!"

"Umekubali leo. Jumatatu ulikubali wali." Nikamgeukia binti. "Kazini kwetu kuna fundi aliyenakili kipimo cha jana yake bila kupima. Huenda maji yalikuwa safi. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeamini namba yake hata moja, tukarudia vipimo vya mwezi mzima. Sasa ninyi mtakuwa sita, mlango umefungwa. Ukisema haya ni salama, wale watano watakwenda kumuuliza nani?"

"Wataniondoa, Mama."

"Huenda."

"Hunisaidii."

"Nakusaidia. Sikubembelezi, basi."

"Mwanamke huyu moyo wake umejaa klorini," mume wangu alimwambia mama yake.

"Mwache," Bibi akasema. "Anasema kweli, ila anasema kama anafukuza kuku."

Binti akasimama, akaenda mpaka mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Ningekuja mwenyewe. Niliogopa utakataa, ndiyo maana nikamtuma Bibi."

"Ningekataa."

"Najua."

Mume wangu alichungulia kikombe chake. "Chai yenyewe haikuwa mbaya," alisema polepole, kama anayetolewa jino.

Binti alirudi kwenye kiti. Hakuniuliza mimi wala hakumuuliza mtu. Alifuta mstari wa mnywaji wa tatu, namba zote za siku sita, na penye swali akaandika hapana. Chini yake akaanza kuchapa huku akisoma kwa sauti: "Mnywaji mmoja hakuelezwa. Kosa ni langu, nilimtuma mtu badala ya kwenda mwenyewe. Vipimo vyake nimeviondoa. Waliobaki ni watatu."

"Huyo mtu ni mimi?" Bibi akauliza.

"Sijakutaja, Bibi."

"Ungenitaja tu. Nilifika."

Binti alisoma yote mara moja tena, bila sauti. Akabonyeza. Skrini ikaonyesha kwamba fomu imepokelewa, saa tano na dakika hamsini na moja.