Jumatatu ya Pasaka kule Shato

Tangu uhuru uingie, Octave alikuwa akimwahidi mama yake jambo moja: siku moja nitakupeleka Shato, na utaingia kwa mlango wa mbele.

Shato ilikuwa ngome ya mawe yenye mnara, huko mlimani juu ya mji wa Uvira. Ilijengwa na kapteni mmoja Mbelgiji zamani za vita vya kukomesha biashara ya watumwa, na waliomfuata wakaizungushia bustani ya waridi, michungwa na bwawa la samaki. Mama Agnès aliijua kwa upande wa nyuma tu. Ujanani mwake alikuwa akipanda kule na kapu la samaki kichwani, anagonga mlango wa jikoni, mpishi anapokea, naye anageuka kurudi. Mtu mweusi asiye na kazi pale hakukanyaga bustani ile. Sasa wenyewe walikuwa wamekwenda zao Ulaya, nyumba imekuwa ya Leta, yaani serikali, na Octave alikuwa mtu wa Leta, karani mkubwa katika biro ya teritwari, ofisi ya wilaya, mwenye suti mbili na Kifaransa kilichonyooka.

Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa sitini na nne, akatimiza ahadi. Walipanda mlima asubuhi kabla jua halijawa kali. Gloriose, mkewe, mwanamke wa Mutarule kule uwandani, alibeba sufuria ya wali na samaki wa mikeke wa kukaanga. Sabine, binti yao mdogo, alivaa gauni jeupe la Pasaka. Mama Agnès alipanda polepole, ameshika mkono wa Rémy.

Huyu Rémy alikuwa mdogo wake Octave, kitinda mimba wa mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akafukuzwa kwa kusema darasani kwamba uhuru umeliwa na watu wachache. Toka hapo akahamia mtaa wa Songo kwa rafiki zake, na watu walinong'ona kwamba rafiki hao hupanda milimani kuonana na waasi. Octave hakutaka aje. Mama ndiye aliyesema, "Kama Rémy haendi, na minye siendi."

Mwanzo siku ilikuwa njema. Mama alipofika kwenye majani ya bustani alivua viatu, akatembea peku kama mtu anayeingia kanisani. Kisha akapitishwa mlango wa mbele, akaona sebule, akaona ngazi, na mwisho akaomba kuoneshwa jikoni. Alisimama pale mlangoni, safari hii kwa ndani, akatazama, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe iko padogo hivi! Miaka yote ile nilikuwa naogopa bure."

Walitandika mkeka karibu na bwawa, wakala. Rémy alikula kidogo. Alipokwisha kunawa, alimsogelea kaka yake, ambaye tangu utotoni alimwita yaya.

"Yaya, minye niko na neno nataka kukuambia. Twende kidogo pale kwenye michungwa."

Octave alitaka kuinuka. Lakini papo hapo akamwona Modeste, mkubwa wake wa biro, akiingia getini na wageni na wake zao. Akapangusa mikono upesi, akanyoosha tai.

"Tutaongea nyumbani," alisema.

"Nyumbani haitawezekana."

"Basi siku ingine. Hauoni wageni?"

Akamwacha amesimama pale, akaenda kuwaamkia wakubwa.

Alikuwa katikati ya kueleza habari za ngome, Kifaransa kikimtoka vizuri, mke wa mgeni mmoja alipopiga ukelele na kuonesha juu. Octave akainua macho. Kwenye ukingo wa mnara, juu kabisa, aliona gauni jeupe la Sabine likipepea, na nyuma yake Rémy, amemshika kiunoni. Alichokiona ni kimoja tu: Rémy amemsimamisha mtoto wake juu ya ukingo.

Alikimbia. Alifika kwenye mlango wa mnara wao wakitoka, Rémy amembeba mtoto, na kabla hata ya kuvuta pumzi akampiga mdogo wake kofi la uso. Lilisikika bustani nzima.

"Weye hata kutunza mutoto haujui! Unataka kuniulia mutoto mbele ya watu?"

Rémy alimteremsha Sabine chini taratibu, akampangusa vumbi magotini, akaenda mpaka kwenye mkeka. "Mama, minye naenda," alisema, akashuka na njia ya mlima bila kugeuka nyuma. Modeste alijifanya anatazama samaki.

Jioni, walipokuwa wakirudi, Sabine ndiye aliyefungua kinywa.

"Papa, kwa nini ulipiga baba mudogo?"

"Kwa sababu alikupandisha juu."

"Hapana. Minye nilipanda peke yangu, nilitaka kuona ziwa. Halafu nikaogopa kushuka, nikalia. Baba mudogo akanisikia, akakuja kunitosha kule juu."

Mama Agnès alisimama katikati ya njia. "Umesikia? Enda Songo leo hii."

"Kesho, mama."

"Leo, Octave."

"Mama, minye ndiye mukubwa. Mukubwa haendi kupiga magoti kwa mulango wa mudogo. Atakuja mwenyewe."

Octave mwenyewe alisikia maneno yake yalivyokuwa matupu, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka, na alikuwa mtu asiyejua kurudisha neno. Kesho yake kulikuwa na kazi. Kesho kutwa mvua ilinyesha. Jumapili, baada ya misa, aliteremka Songo amevaa shati la kawaida, akiwa amepanga maneno yake njiani. Alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianika samaki wadogo wa ndagala uani, alimtazama suruali yake ya pasi, akageukia samaki wake tena.

"Walipanda mulima," alisema mwishowe. "Wote."

Mwezi wa tano waasi waliingia Uvira. Askari wa serikali walikimbia, na Modeste alikwisha kuvuka mpaka pale Kavimvira na jamaa yake yote. Octave alichelewa. Walimtoa nyumbani asubuhi, watu waliojifunga majani vichwani na ngozi za wanyama mabegani, wakampeleka uwanja wa soko. Pale makarani na wachuuzi wakubwa walikuwa wameketishwa chini kwenye vumbi. Aliyeitwa alisimama mbele ya kamanda, watu wakaulizwa kama ni mwema au ni mbaya, na wengine hawakurudi kuketi.

Octave aliitwa, akasimama. Kamanda alimwuliza kazi yake. Kabla hajajibu, mtu akatoka kwenye mstari wa waasi, amekonda, bunduki begani.

"Huyu minye namujua," Rémy alisema. "Ni ndugu yangu, tumbo moja. Alikuwa anaandika tu kwa biro. Hakula kitu ya muntu."

"Unamujibia kwa kichwa yako?"

"Namujibia."

Kamanda alipunga mkono. Octave akaambiwa aende. Lakini hakwenda. Alimsogelea mdogo wake, akanyoosha mkono.

"Rémy, siku ile kule Shato…"

Rémy alirudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni. "Usiniguse. Enda nyumbani, usitoke."

"Unisikie kidogo tu, ndugu yangu."

"Enda, yaya."

Akageuka, akarudi mstarini. Octave akabaki ameunyoosha mkono hewani mpaka mtu akamsukuma.

Nyumbani alimsimulia Gloriose, naye akamtuliza. Kila mtu alijua waasi wana dawa yao ya kuzuia risasi, na aliyechanjwa dawa ile haruhusiwi kupeana mkono na asiyechanjwa, maana risasi zitampata. "Basi iko dawa," Gloriose alisema. "Siyo hasira." Octave alikubali kwa kichwa. Lakini usiku na mchana aliuona uso ule, na hakuweza kusoma kilichokuwa ndani yake.

Kiangazi kilipofika, malori ya waasi yalipanda kwenda kupigania Bukavu, na Rémy alikuwa ndani ya mojawapo. Miezi ikapita. Jeshi la serikali likarudi Uvira, na bado hakukuwa na habari.

Alasiri moja mkulima wa uwandani aitwaye Bigirimana aliingia uani akitazama nyuma yake. Alikuwa katika lori moja na Rémy. Alieleza kwa maneno machache: Rémy alianguka walipokuwa wanaingia Bukavu, akazikwa kando ya barabara pamoja na wenziwe, hakuna alama.

Mama Agnès hakulia mara moja. Aliuliza, "Siku hiyo alikula?"

"Alikula, mama. Tulikula viazi."

Octave alimsindikiza Bigirimana mpaka barabarani. Pale akamwuliza lile lililokuwa likimtafuna.

"Ile sheria ya dawa. Kweli ilikataza kushika mukono ya ndugu?"

"Ilikataza."

"Kabisa?"

Bigirimana alikuna kidevu. Hakujua kwa nini anaulizwa, ndiyo maana alisema kweli. "Minye nilimushika mama yangu. Wengi tulishika wetu, kwa kujificha. Kila muntu na roho yake."

Octave akamshukuru. Neno lile Rémy alilotaka kumwambia michungwani hakumwuliza. Aliogopa kwamba Bigirimana analijua.

Aliporudi uani, mama yake alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, Gloriose amemshika mabega.

"Octave," mama alisema. "Siku ile kwa soko, mulipatana?"

"Tulipatana, mama."

"Mulishikana mikono?"

"Tulishikana."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi, afazali," alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka. Sauti yake ilifika kwa majirani, nao wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wanawake wakifunga vitenge viunoni. Octave akaenda kuomba mabenchi kanisani, maana watu watakuwa wengi.