Dengu Bila Mafuta

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga, tak, tak, tak, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Nje kulikuwa bado na giza. Mpishi aliinama kutoka kwenye kigoda chake, akakisogeza kifuniko kando kwa ncha ya kijiko ili mvuke upate njia, na korido ikatulia tena.

Katika jengo lile kila mlango ulikuwa na jiko lake la mkaa nje, koridoni, kwa sababu vyumba vilikuwa na dirisha dogo tu la juu, na moshi ukiingia humo hautoki. Wapangaji walipikia hapo hapo, mgongo kwa mgongo, na aliyehitaji kupita aliomba njia.

Kazini walimwita Kikaango. Alikuwa mkaangaji wa kantini ya kiwanda cha nguo, na kwa miaka yote aliyosimama pale mkono wake ulijifunza jambo moja: mafuta yakipata moto, tia. Viazi, samaki, mayai, chochote kilicholetwa kilipita mikononi mwake kikatoka kimeiva rangi ya dhahabu. Nyumbani sasa alikuwa anajifunza upya kama mtoto. Kitunguu kilienda kwenye sufuria kavu. Kikianza kushika chini, anatia kijiko cha maji, anakwangua, anangoja kikauke, anatia kingine, mpaka kitunguu kinageuka rangi chenyewe na kutoa harufu tamu. Halafu nyanya, karoti ya kukwaruza, dengu, maji. Mwisho kabisa anaponda dengu kidogo kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito, kisha limau. Alishangaa siku ya kwanza alipoonja. Hakuamini kwamba maji matupu yanaweza kazi ile.

Mkewe alikuwa na vijiwe kwenye nyongo. Daktari alisema atakatwa tumbo vitolewe, na mpaka siku hiyo mafuta asiyaguse: asile nyama, wala mayai, wala maziwa, wala karanga. Ale vya shambani tu, vilivyochemshwa. Mafuta yakiviamsha vijiwe hivyo, homa itapanda, na akiwa na homa hawatamkata. Zamu ya kwanza ya kukatwa ilipotea hivyo hivyo, kwa homa. Wakati wanaingoja hii ya pili, magauni yake yote yalikuwa yamempwaya. Na zamu yenyewe ilikuwa kesho asubuhi.

"Mwanamume wa mafuta umegeuka mwanamume wa maji," sauti ya mkewe ilitoka ndani.

"Lala wewe. Mgonjwa gani ana mdomo hivyo?"

"Mdomo hauna vijiwe."

Alicheka peke yake pale koridoni. Kulikuwa kumeanza kupambazuka aliposikia buti kwenye ngazi.

Walikuja watu watatu: msimamizi wa jengo, ambaye aliangalia sakafu, na askari wawili wa baraza la mji. Amri mpya, walisema. Moto koridoni marufuku, majengo yanaungua. Majiko yote yanachukuliwa. Anayetaka lake akalikomboe ofisini. Faini waliyoitaja ilizidi bei ya jiko jipya.

"Sasa watu wapikie wapi?" aliuliza mama mmoja kutoka mlango wa mwisho.

"Ndani," askari mmoja alijibu.

"Ndani tufe na moshi?"

"Mama, mimi nimetumwa majiko. Moshi sikutumwa."

Watu waliguna, mmoja akacheka kwa hasira. Askari yule mwingine, kijana mwenye uso wa upole, alipofika kwa mpishi alisita. "Toa sufuria yako kwanza, mzee, isije ikakumwagikia," alisema, na akashika mkono mmoja wa sufuria kwa kofia yake ili wasaidiane kuishusha. Kisha alimwaga makaa kwenye ndoo ya maji, yakalia shaaa, na jiko likaenda.

Mpishi alibonyeza dengu moja kwa vidole. Ilikuwa ngumu kama kokoto. Kengele ya zamu yake kiwandani isingemngoja.

Hapo ndipo Mama Pacha alipofungua mlango wa pili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, anauza mboga sokoni, na pacha wake wawili walikuwa wamemshika gauni kila upande. Ndani kwake alikuwa na jiko dogo la gesi la plate moja, analolilinda kama jicho, kwa sababu mtungi ukiisha hajui lini atanunua mwingine.

"Shemeji, lete hiyo sufuria. Nitamalizia mimi."

"Na gesi yako?"

"Gesi yangu nimekuuliza wewe? Lete."

Alimpa sufuria kwa mikono miwili. "Ila bila mafuta, mama. Tafadhali. Hata tone."

"Hata tone?" Alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa anyimwe blanketi. "Haya. Nenda kazini."

Kiwandani, mafuta yalikuwa yamepanda bei tena, na ndoo zake sasa zilifungiwa stoo, ufunguo ukakaa kwa meneja. Mpishi alipimiwa yake asubuhi kwa kopo, akayatia kwenye kikaango kikubwa, akasimama juu ya joto lile huku moyo uko nyumbani. Kabla ya mlo wa mchana alimfuata meneja wa kantini, akavua kofia.

"Naomba saa moja tu, bosi. Nikamwangalie mgonjwa anakula nini. Kesho anakatwa."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa muda mrefu. "Nani atasimama kwenye kikaango? Wakubwa wanakula saa sita. Nikikuachia wewe, kesho nafukuzwa mimi. Mama yangu mwenyewe amelazwa tangu wiki iliyopita, sijamwona." Kisha akafungua droo, akampa machungwa mawili aliyokuwa amejiwekea. "Mpelekee. Hayo hayana mafuta."

Alirudi jioni. Kama kawaida yake alisimama kwanza kwenye bomba la uani, akavua shati linalonuka vya kukaanga, akalitundika nje, akajisugua mikono na shingo kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, maana harufu ile peke yake ilitosha kumtapisha mkewe. Ndipo akapanda.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani pajani, nusu imeliwa. Mpishi aliitazama ile sahani mara moja tu. Jicho la mkaangaji halihitaji zaidi. Juu ya mchuzi kulikuwa na duara ndogondogo zinazong'aa.

"Umekula hii?"

"Nimekula."

"Hukuona?"

"Niliona."

Akakaa chini sakafuni. "Mama wee. Uliona, ukala?"

"Mama Pacha alikaa hapo ulipokaa wewe," mkewe alisema polepole. "Amevaa kitenge chake kizuri, amekuja kunilisha. Akaniambia, 'Dada, nimekutilia kijiko kilichobaki kwenye chupa. Mgonjwa hawezi kula chakula kikavu kama mfungwa.' Watoto wake wapo mlangoni, wananusa. Wale watoto wanakula kabichi ya kuchemsha wiki nzima, unajua kwa nini? Si daktari aliyewakataza. Ningeuweka wapi uso wangu nimwambie aondoe sahani?"

Mpishi alitoa machungwa ya meneja, akaanza kumenya.

"Nilidhani vijiko vitatu vya mchuzi havina neno. Halafu akasema, 'Kula, kula, unakwisha.' Nikala."

Maumivu yalianza kabla hajamaliza kumenya chungwa la kwanza. Yalimshika mkewe chini ya mbavu za kulia, yakazunguka mpaka mgongoni. Alijikunja bila kulia, akauma ncha ya shuka. Mpishi alimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso na kila alipokibadilisha kilikuwa kimepata joto.

Asubuhi walikwenda hivyo hivyo, na kanga yake safi na mfuko wake wa kulazwa. Muuguzi aliyempokea alisoma kipimajoto, akakitikisa, akakirudisha kwapani, akasoma tena. Akaondoka kwenye kiti chake mwenyewe. "Kaa hapa, mama. Benchi lina mbao zilizovunjika."

Daktari alimbonyeza mgonjwa chini ya mbavu, naye akavuta pumzi kwa nguvu.

"Pamevimba. Siwezi kukata penye moto." Alionekana hajalala. "Amekula nini?"

"Dengu," mkewe alisema haraka, kabla ya mumewe.

"Dengu peke yake?"

"Dengu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mzee, niliwaambia mapema. Ni jambo rahisi tu. Unachemsha nyumbani, maji, mboga, basi. Hakuna gharama, hakuna ufundi. Kwa nini watu wanashindwa?"

Mpishi alifungua mdomo. Alitaka kusema jiko liko kwenye gari la baraza la mji. Alitaka kusema kopo la mafuta, kengele ya zamu, kichwa cha meneja kinachokunwa. Lakini nyuma yao foleni ilikuwa imefika mpaka getini, na watu walikuwa wanakohoa, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo daktari yule angeweza kuliandikia dawa.

"Tumeshindwa, daktari," alisema.

Walipewa vidonge vya kutuliza moto. Zamu mpya ilikuwa mkiani kabisa mwa orodha, baada ya msimu wa mvua, kama vyumba vitapatikana. Mkewe alipewa dripu, akalala kwenye kiti cha muuguzi mpaka mchana, kisha wakaambiwa waende.

Walipanda ngazi za nyumbani wakipumzika kila kituo. Koridoni, pale majiko yalipokuwa, palibaki alama nyeusi za mviringo sakafuni, mlango kwa mlango. Mpishi alimlaza mkewe, akachukua kisu, akaanza kukata matango na nyanya kwenye sahani, mbichi. Moto hakuwa nao.

"Nitamwambia Mama Pacha," alisema. "Lazima ajue. La sivyo atarudia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba kile kijiko..."

"Kile kijiko aliwanyima watoto wake." Mkewe alifumba macho. "Ukimwambia, hatalala tena maisha yake. Mvua nitazingoja. Yule nisimbebeshe mzigo huu."

Mlango ulibishwa saa hiyo hiyo. Mama Pacha alichungulia, uso umejaa wasiwasi. "Mmerudi? Mbona mmerudi? Si wangekulaza?"

Mpishi aliendelea kukata tango.

"Taa za chumba chao cha kupasulia zimeharibika," mkewe alisema. "Wametuambia baada ya mvua."

"Hao watu! Hao watu hawana haya!" Alipiga paja kwa kiganja, machozi yakimlengalenga. "Mtu mzima anapelekwa na kurudishwa kama kikapu. Na ulivyojikaza jana kula, jamani, nilifurahi! Basi usijali, dada. Kesho nitakopa mafuta mahali, nikupikie vizuri kuliko jana."

Kisu kilisimama. Mkewe alinyoosha mkono kutoka kitandani, akaushika mkono wa jirani yake, mkono mgumu wa kubeba mboga.

"Kesho usipike."

"Kwa nini? Dengu hazikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu. Sijala kitu kitamu hivyo tangu niugue." Hilo lilikuwa kweli, na aliweza kulisema akimtazama usoni. "Ila pumzisha gesi yako. Mimi hamu yangu ni mtu wa kuongea naye. Huyu bwana akienda kazini natazama ukuta."

"Nije mikono mitupu? Kwa mgonjwa?" Mama Pacha alicheka kwa aibu. "Hata mama yangu angenikana."

"Mikono mitupu. Lete hao pacha wako waniruke kitandani, na wewe uniambie nani kagombana na nani sokoni."

Mama Pacha alisimama pale mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake.

"Utakuja?" mkewe aliuliza.

"Nitakuja."

"Usiniache, jirani. Uje kesho. Na kesho kutwa uje tena."