Mkate wa Majani Usio na Asali

Obedi hakuwa na habari za Godson mpaka siku alipomwona mkewe anakula huku amefumba macho.

Ilikuwa mwaka 2013, kiangazi, majuma machache kabla ya kipaimara cha binti yao Kezia. Generosa alirudi kutoka soko la Kibondo na kifurushi cha majani ya mgomba. Akakaa kwenye kigoda, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kinanata, na harufu ya ndizi mbivu ikajaa sebule nzima.

"Nini hicho?" Obedi akauliza.

"Mkate wa majani. Wa kwetu Muyama, mlimani." Akamega, akatia mdomoni, akafumba macho. "Godson amefungua hoteli pale stendi, ndiye anayeupika. Nataka tumwagize kwa ajili ya sherehe ya mtoto."

"Godson yupi?"

"Wa Kasulu mjini. Yule aliyewahi kuja kunichumbia kabla yako."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya mchicha. Tangu waoane Obedi alikuwa amemletea mwanamke huyu nyama ya Krismasi, samaki wa Kigoma, hata soda za kopo. Hakuna siku aliyofumba macho.

Kesho yake, alipomaliza kupakia maharage ya mteja, akapita stendi kumwangalia huyo mtu. Godson alikuwa mnene, mcheshi, na shati lililopigwa pasi.

"Karibu shemeji! Kaa, shemeji! Mpeni shemeji mkate!"

Shemeji hiyo ilimchoma Obedi kuliko tusi.

"Huu ndio mkate wa asili," Godson akasema, akijimiminia chai. "Mimi nimekulia Kasulu mjini kwa shangazi, mambo ya mlimani sikuyajua. Siku ya kwanza kuuonja ni kwao Generosa. Aliniletea kwa mkono wake mwenyewe. Ladha ile sijaisahau mpaka leo, shemeji."

Obedi alimega kipande kimoja, akakisukumia mbali. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Usimwagize yule. Mkate nitaupika mimi."

Generosa alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Wewe hata uji unaungua ukiwa umeusimamia!"

"Nitaupika."

"Mwanaume wa Mabamba apike mkate wa Muyama! Haya, baba Kezia, pika. Ila na wa Godson utakuwepo. Ndugu zangu wanakuja, sitaki aibu."

Sasa tatizo lilikuwa moja. Obedi hakuujua mkate huo. Posa yake walikwenda kuipeleka baba zake wadogo, yeye akabaki Mabamba, na baada ya kuoa mila ilimkataza kula mbele ya mama mkwe. Kila alipokwenda ukweni alikaa nje kwa wanaume, na mama mkwe alipita nyuma ya nyumba ili wasionane uso kwa uso. Mtu wa kumfundisha alikuwa huyo huyo asiyeruhusiwa kumtazama.

Wivu hauna adabu. Obedi alipanda basi la Kasulu, akala vumbi njia nzima, akachukua pikipiki hadi Muyama, akasimama uani na kusema kwa sauti, "Mama, nimekuja kujifunza kupika."

Kisha sauti ikatoka jikoni, "Mkwe, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka mkate wa majani."

Basi somo likaenda hivyo, yeye nje na kinu, mama mkwe ndani, ukuta wa udongo katikati yao. Mama mkwe aliamuru, Obedi akatenda. Ponda ndizi. Usiweke maji, ndizi ina maji yake. Tia unga wa muhogo kidogo kidogo. Kwa kuwa mama mkwe hakumwona, alipima kazi kwa masikio tu: "Mbona mchi unalia hivyo? Umezidisha unga! Ongeza ndizi!" Obedi akaongeza, jasho likimtiririka. Majirani walipita, wakasalimia, wakapita tena bila sababu yoyote.

"Haya, sasa mimina asali, kisha ufunge majani."

"Asali? Godson haweki asali."

Halafu Obedi akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu aoe. Mama mkwe wake alikuwa anacheka.

"Yule haweki kwa sababu hakuwekewa! Mkwe, sikiliza. Hapa kwetu mchumba akija, hatumwambii neno baya. Anapewa mkate. Ukiwa na asali, aende akawaite wazee wake. Ukiwa mkavu, ale, ashukuru, arudi kwao. Yule mtoto wa mjini alikula mkavu, akasifia, akaomba na wa kufungasha! Wiki iliyofuata akaja na mjomba wake. Tulimwambia binti amekwenda kusoma. Mpaka leo hajui."

"Na baba zangu wadogo?"

"Hao? Walilamba mpaka majani."

Obedi alirudi Kibondo amebeba chupa ya asali begini na neno hilo kifuani, na katika vyote viwili neno ndilo lililokuwa tamu zaidi. Alilinoa njia nzima. Angelisema mbele ya watu, Godson akiwa ameshika sahani.

Siku ya sherehe, Kezia alipotoka kanisani na gauni lake jeupe, mikate yote miwili ilikuwa mezani. Ndugu wa Muyama walikuwa wamekaa safu ya mbele. Godson akachukua kipande cha Obedi, akatafuna, akaangua kicheko.

"Shemeji, umepotea! Asali tena? Muyama hatuweki asali! Niulizeni mimi niliyelishwa na mwenye mji!"

Shangazi yake Generosa akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Mzee mmoja akakohoa kikohozi cha uongo. Obedi akasimama. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndipo akamwona Generosa mlangoni na sinia la pilau, hatembei, hapumui, anamtazama. Hakutikisa kichwa. Alimtazama tu.

"Ni kweli," Obedi akasema. "Sisi watu wa Mabamba tunapenda utamu, hatujui kingine."

Watu wakacheka. Godson akampiga mgongoni kwa upendo, "Nitakufundisha, shemeji!" Naye Generosa akashusha pumzi, na macho yake yakajaa shukrani ambayo Obedi hakuwahi kuipata. Akaiona. Akaona pia kwamba ameipata kwa sababu ya Godson, na ikamwasha zaidi ya mwanzo.

Wageni walipoondoka, alimfuata mkewe jikoni.

"Asante kwa kumsitiri," Generosa akasema.

"Sikumsitiri yeye. Kwa nini ulimnyima asali?"

"Ah. Mama amekwambia." Akaendelea kukwangua sufuria. "Asali aliikataza baba. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu chake."

"Ungemmiminia?"

Generosa akafikiri. Obedi alitamani adanganye, tena upesi, lakini aliyemwoa hakuwa mwongo.

"Ningemmiminia. Nilikuwa msichana mdogo, na yeye alikuwa na baiskeli mpya."

"Na walipokuja wazee wangu, nani alimimina?"

"Mimi."

"Baba alikuagiza?"

"Baba alisema tuwaze kwanza. Nikamimina kabla hajamaliza kuwaza." Akageuka, akamtazama. "Nilikuwa nimekuona mnadani Kasulu, unabishana na mtu juu ya mbuzi. Basi, umeridhika?"

Angekuwa mwanaume mwingine, hapo angeridhika. Angemshika mkono mkewe, akamsaidia vyombo, mambo yakaisha. Obedi naye alijaribu. Alichukua sahani moja, akaifuta, akaiweka. Akachukua ya pili, akaishika muda mrefu.

"Baiskeli gani?"

"Nini?"

"Hiyo yake. Ilikuwa baiskeli gani?"

Generosa akarudi kwenye sufuria lake.

"Foniksi," akasema. "Ilikuwa na kengele mbili."